Jumuiya yetu inataka kuwapa simu wanaotoka Gereza la Karanga. Tuanze na simu au na laini?

Mama Mshonaji (Pasua, Moshi)

Habari za jioni wadau wa Moshi na Arusha. Naombeni ushauri kwa jambo lililotugawa kwenye jumuiya yetu.

Mimi nashona sare za shule hapa Pasua. Jumuiya yetu ina utaratibu wa kwenda kuwaona wafungwa Karanga, hasa Kwaresima na kuelekea Krismasi. Tunapeleka sabuni za mche, dawa ya meno, kandambili, na taulo za kike kwa kina mama. Safari hii michango imezidi matumizi, na mwenzetu mmoja akasema kwa nini tusiwanunulie simu ndogo wale wanaomaliza kifungo na hawana mtu wa kuja kuwapokea.

Wazo lilitokana na kijana tuliyemkuta stendi. Katoka asubuhi hiyohiyo, ana mfuko wa nguo, anaomba apigiwe simu kwa dada yake Same. Watu wanamkwepa. Tukampa simu yetu. Namba alikuwa ameiandika kwa penseli ndani ya jalada la Biblia, na tarakimu mbili za mwisho zimefutika kwa kushikwashikwa. Tukabahatisha, kila tunayempata hamjui. Mwisho tukamkatia tiketi, akapanda gari bila kujua kama huyo dada bado anakaa palepale alipomwacha.

Sasa kwenye jumuiya wapo wanaosema simu ni anasa, mtu apewe nauli na chakula basi. Wapo wanaosema tutawapa wezi nyenzo. Mimi niko upande wa simu na sioni aibu kusema. Siku hizi fundi akitaka saidia fundi hazunguki mitaani kumtafuta, anapiga usiku: kesho saa moja uwe Soweto, uje na koleo. Asiye na simu hiyo kazi haisikii. Na ujira wenyewe unatumwa kwa simu.

Ninachouliza: tununue mpya au zilizotumika? Tumkabidhi wapi, maana ndani ya gereza simu hairuhusiwi? Na laini isajiliwe kwa jina la nani? Katibu wetu amejitolea kusajili laini zote kwa jina lake ili tusisumbuke. Nia yake njema kabisa, lakini roho yangu inasita hapo.

Nawasilisha.

Fundi Simu (Mbuyuni, Moshi)

Shikamoo mama. Kwa upande wa simu nisikilize mimi, maana ndiyo kazi yangu.

Nunueni mpya, vitochi vya kawaida vya laini mbili, dukani kwa mtu anayetoa risiti. Elfu ishirini na tano hadi thelathini na kitu mnapata inayokaa na chaji siku kadhaa. Hilo la chaji msilidharau. Mtu anayetoka leo anaweza kulala kwa rafiki, kesho kibarazani, keshokutwa kwenye jengo analolinda. Simu janja itamzimikia mchana, na anaweza kuiuza kabla ya wiki kwisha kwa sababu ina bei na yeye ana njaa. Kitochi hakuna anayekililia.

Zilizotumika mziogope sana. Unayenunua kwa mkono wa mtu hujui ilikotoka. Kwa mimi au wewe, ikigundulika ni ya wizi tunajieleza, tunataja tulikoinunua, yanaisha. Kwa mtu aliyetoka gerezani juzi, nani atamsikiliza? Mkiletewa msaada wa simu zilizotumika, kila moja bonyezeni *#06#, zitatokea tarakimu 15, zitumeni kwenda 15090 mtajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitofautiana na simu mliyoishika, irudisheni. Wakubwa mnakumbuka tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu feki, watu wengi waliamka na simu zimekufa mkononi.

Na risiti iandikwe jina la anayepewa. Lisiandikwe la jumuiya. Akisimamishwa njiani akaulizwa umeitoa wapi, awe na karatasi.

Seremala wa Ngusero (Arusha)

Dada yangu mshonaji, umeuliza swali la laini mwishoni kama la nyongeza, kumbe ndilo lenyewe. Naandika kwa sababu nimeyapitia.

Nilitoka Kisongo kwa msamaha wa tarehe 9 Desemba 2019, ule uliotangazwa Mwanza siku ya Uhuru, watu 5,533 nchi nzima. Pale stoo nikarudishiwa vitu vyangu: mkanda, viatu, pochi, na simu yangu ya zamani. Betri lilikuwa limevimba mpaka mfuniko umefunguka wenyewe. Laini ilikuwemo. Nilipopata simu ya kuazima nikaiweka, haikusoma. Nikapiga ile namba yangu kwa simu ya mtu, akapokea mama mmoja wa Tunduma, mpole, akaniambia mwanangu hii namba ninayo mwaka wa pili sasa. Laini isipotumika muda mrefu mtandao unaifunga na namba inapewa mwingine. Yaani kila aliyekuwa na namba yangu, wateja, wajomba, mama wa mtoto wangu, kama aliwahi kunitafuta alimpata huyo mama.

Shemeji yangu akanipa laini yake ya ziada. Nikapata fundi wa kunipa vibarua huku Mbauda, akawa ananipigia. Lakini mnakumbuka kipindi kile. Laini zote zilitakiwa zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, mwisho tarehe 31 Desemba, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020. Ile laini ya shemeji ilikuwa ya usajili wa zamani. Ikazimwa na kibarua kikaishia hapo, kwa sababu fundi alipiga hakunipata akachukua mtu mwingine. Hakunionea. Nyumba haisubiri.

Shemeji akanionea huruma, akasajili laini mpya kwa vidole vyake na namba yake ya NIDA, akanipa. Hapa ndipo ninapotaka jumuiya yenu wasome polepole. Useremala nilijifunza ndani, na naufanya vizuri. Mteja mmoja wa Sakina akaagiza kitanda cha futi tano kwa sita. Tukapatana anitumie nusu ya hela ninunue mbao. Akaandika namba, akafika mahali simu inapouliza kama unamtumia fulani, jina likatokea la mwanamke. Akaniuliza, wewe ni huyu? Nikasema ni shemeji yangu. Niliona uso wake unavyobadilika. Mtu hanijui, namba ina jina la mwanamke, na nchi hii imejaa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Akasema atapita kesho. Hakupita.

Sikuwa na mahali pa kumwambia kwamba natoka gerezani na sina NIDA. Ningemwambia, ingekuwa mbaya zaidi.

NIDA yenyewe ilinichukua muda mrefu. Zoezi la uandikishaji lilipopita mtaani kwetu nilikuwa ndani. Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho. Ofisi ya mtaa wakaniambia hawanifahamu, nilete mjumbe. Mjumbe aliyenijua alikuwa ameshafariki, aliyekuja baada yake ananitazama kama mgeni. Mama mmoja mwenye genge, aliyekuwa jirani yetu tangu naenda shule, ndiye aliyeacha nyanya zake akaja kusema huyu ni mtoto wa hapa. Namba ilipotoka nilikwenda kwa wakala siku hiyohiyo kusajili laini. Mteja wa kwanza aliyenitumia hela baada ya hapo jina lililotokea lilikuwa langu, majina yote matatu.

Kwa hiyo katibu wenu ashukuriwe, ila msikubali. Laini iliyosajiliwa kwa jina lake ni yake. Ikipotea, kuirudisha kunataka kidole chake. Akihama, akigombana na huyo mtu, akifariki, laini na hela iliyomo vinaondoka naye. Na anayeitumia akifanya fujo kupitia namba hiyo, wa kwanza kuitwa polisi ni katibu.

Mama Mshonaji (Pasua, Moshi)

Kaka yangu wa Ngusero, Mungu akubariki kwa kuandika haya. Nimemsomea katibu kwa simu, sehemu ya kitanda na jina la shemeji. Amenyamaza, kisha akasema basi hilo tuliache.

Ila sasa nimebaki na swali gumu zaidi. Kama mtu hana NIDA, kumpa kitochi tupu kutamsaidia nini?

Mwenye Duka Kilombero (Arusha)

Nitasema wasichotaka kusema wengine. Hapa Arusha tumeibiwa sana. Mke wangu alivutwa mkoba na vishandu wa pikipiki karibu na Kijenge, akaburuzwa, mkono ukavunjika. Simu yake haikuonekana. Leo nasoma kuna watu wanachanga hela wawape simu watu wa aina hiyo, na mke wangu hakuna aliyemchangia hata plasta. Mnaona jinsi inavyouma?

Mama Mshonaji (Pasua, Moshi)

Kaka, pole sana kwako na kwa mama. Naisema kwa moyo. Mkono uliovunjika siwezi kukujibu kwa hoja, na una haki ya kuumia kwamba aliyeumizwa hasaidiwi. Hilo nitalifikisha kwenye jumuiya kama lilivyo, maana hata kwetu Pasua wapo walioporwa.

Lakini nakuomba uone na hili. Huyo aliyemvuta mkoba mama akikamatwa na kufungwa, kuna siku atatoka. Hatutamzuia. Atashuka kwenye kifodi hapo Kilombero mbele ya duka lako, hana hela, hana namba ya mtu, hana anayemjua zaidi ya waliokuwa wakipora naye. Wale wenzake hawahitaji kupigiwa simu, wanajulikana wanakokaa. Anayehitaji simu ni yule anayetaka kumtafuta mjomba wa Babati mwenye shamba. Mimi nataka ampate mjomba kabla hajawapata wale.

Mwenye Duka Kilombero (Arusha)

Nimekusikia mama. Sijakubali yote, lakini nimekusikia. Hilo la waliojeruhiwa usiache kulisema.

Mtoto wa Machame (yuko Marekani)

Nachangia kidogo. Huku kuna mpango wa serikali unaitwa Lifeline, ulianza mwaka 1985 kwa simu za mezani, baadaye ukaingiza za mkononi. Mtu wa kipato cha chini anapunguziwa gharama ya simu dola 9.25 kwa mwezi, na yapo makampuni yanayotoa huduma bure kabisa kwa kiwango hicho. Si mpango wa wafungwa, ila wengi wanaotoka gerezani wanaangukia humo kwa sababu hawana kipato.

Tatizo lake linafanana na la seremala. Msaada ni mmoja kwa kila kaya. Sasa watu wanaotoka gerezani mara nyingi wanafikia kwenye nyumba za hifadhi, watu chungu nzima anuani moja, na kila mmoja anatakiwa ajaze fomu ya kuonyesha kwamba yeye ni kaya yake mwenyewe. Kuomba pia kunataka uthibitishe wewe ni nani. Hata huku kwenye hela, simu yenyewe si kazi. Kazi ni karatasi.

Ustawi Mstaafu (Moshi)

Binti yangu wa Pasua, nimefanya kazi za ustawi wa jamii miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lako la mtu asiye na NIDA nalifahamu.

Umoja wa Mataifa una kanuni za chini za kuwatendea wafungwa. Za mwanzo zilikuwa za 1955, zikafanyiwa marekebisho na kupitishwa upya Desemba 2015 zikapewa jina la Nelson Mandela. Kanuni ya 108 inahusu mtu anayetoka. Inasema kadiri inavyowezekana apewe nyaraka na vitambulisho vinavyofaa, awe na mahali pa kuishi na kazi, awe na mavazi yanayolingana na hali ya hewa, na awe na uwezo wa kufika aendako na kujikimu siku za mwanzo. Angalieni kilichotajwa mwanzo kabisa: nyaraka na vitambulisho. Nauli imekuja mwishoni. Simu haimo, lakini kwa Tanzania ya leo, ambako hata laini ya simu haisajiliwi bila namba ya NIDA, hicho cha kwanza ndicho kinachozaa vingine.

Kwa hiyo msianzie getini. Anzeni miezi kadhaa kabla mtu hajatoka. Mnapokwenda kuwaona, ombeni kwa mkuu wa gereza mkutane na afisa anayeshughulikia ustawi wa wafungwa. Mwulizeni ni nani wanakaribia kumaliza na hawatembelewi. Msiombe orodha ya makosa yao, haiwahusu. Kisha kwa kila mmoja fuatilieni mambo haya kutoka nje: ana cheti cha kuzaliwa? Kama hana, alizaliwa wilaya gani, na nani wa ukoo anaweza kufuatilia RITA, wanaotoa vyeti hivyo? Aliwahi kujiandikisha NIDA kabla ya kufungwa? Wengi walijiandikisha wakasahau namba, na namba iliyosahaulika inaweza kutafutwa kupitia *152*00#. Huyo kwenu ni kazi ya dakika chache. Ambaye hajawahi kabisa ndiye wa kumshika mkono: mjumbe, ofisi ya mtaa, barua, ofisi ya NIDA ya wilaya.

Wapo pia wanaotoka kwa parole, chini ya Sheria ya Bodi za Parole ya 1994. Hao wanatoka na masharti, wana eneo la kukaa na mtu wa kuripoti kwake. Kwao simu ina uzito wa pekee, kwa sababu kushindwa kupatikana kunaweza kutafsiriwa kwamba umetoroka. Mkikutana na wa namna hiyo, msimamizi wake apewe namba mpya siku hiyohiyo.

Na kwa yule asiye na NIDA, kitochi tupu mpeni hivyohivyo, lakini na daftari. Dogo la kuingia mfukoni, lenye namba za watu wake zilizoandikwa kwa kalamu ya wino na kuhakikiwa na ninyi kabla hajatoka. Pigeni kila namba, ulizeni: unamfahamu fulani, anatoka mwezi ujao, uko radhi kumpokea? Akifika kwa ndugu na kitochi chake, laini ataweka ndugu kwa siku za mwanzo wakati namba ya NIDA inashughulikiwa. Ila wote wajue ni ya muda.

Fundi Simu (Mbuyuni, Moshi)

Naongezea la vidole kwa sababu halijatajwa. Mimi pia nasajili laini. Watu wa kazi ngumu, waponda kokoto, wa jembe, hata wanaoshona viatu, vidole vyao mashine inavikataa. Karanga kuna kiwanda cha ngozi na viatu, na wafungwa wanafundishwa kazi hiyo, kwa hiyo mtakutana nalo.

Kinachosaidia: aoshe mikono kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akaushe vizuri, apake mafuta kidogo sana kisha afute, asubiri. Tunajaribu kidole gumba, kikigoma tunahamia vingine. Mtu asiondoke kwa aibu baada ya kukataliwa mara ya kwanza. Nimeona mtu mzima anainuka kwenye kiti macho mekundu, anadhani mashine imemkataa yeye.

Na akishasajili apige *106# aone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Mtu aliyekaa ndani miaka, kitambulisho chake kikiwa kwa ndugu, anaweza kukuta laini asizozijua. Azifute mapema kabla hazijamletea kesi nyingine.

Seremala wa Ngusero (Arusha)

Fundi, asante kwa la vidole. Mimi cha pete ndicho kilichokubali.

Mzee wa ustawi kasema kweli kuhusu daftari. Ongezeni kitu kimoja: mfundisheni. Mtu aliyeingia miaka mingi iliyopita anatoka akikuta kila genge lina namba ya kulipia ukutani, na Tigo Pesa anayoijua inaitwa Mixx. Anaogopa kuuliza asionekane mshamba, na akiuliza mtu asiye sahihi anataja namba ya siri kwa sauti. Nusu saa na mtu mvumilivu, kwenye kivuli, inatosha. Namba ya siri aiweke mwenyewe huku ninyi mmegeuka.

Mama Mshonaji (Pasua, Moshi)

Nimewasoma wote, na jana tumekaa kikao. Tumepunguza idadi ya simu, na hela iliyobaki ni nauli za kufuatilia vyeti na NIDA kwa watu ambao afisa atatutajia. Vitochi vitanunuliwa vipya, risiti kwa jina la mtu. Havitaingia gerezani, vitakaa kwangu cherehani, na wawili wetu tutakwenda kumpokea mhusika nje ya geti. Katibu amepewa kazi ya madaftari na kupiga hizo namba, na kaifurahia. Binamu yangu anayefundisha shule ya msingi atakuwa wa ile nusu saa.

Kuhusu walioumizwa, yule kaka wa Kilombero asidhani nimesahau. Tumekubaliana sehemu ya mchango ujao iende kwa mama mmoja wa hapa mtaani aliyeporwa akalazwa KCMC.

Kinachotukwamisha ni usafiri wa mashine ya vidole. Wanaotoka hutoka asubuhi, na wengi wanataka kupanda gari la kwao siku hiyohiyo, hawana muda wa kuzunguka mjini kutafuta wakala. Fundi wa Mbuyuni, unaweza kuja na mashine yako Karanga asubuhi tukikuarifu siku moja kabla? Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi tutalipa, na chai ipo.

Fundi Simu (Mbuyuni, Moshi)

Nakuja mama. Niarifu jioni, nichaji mashine usiku. Chai iwe na maandazi.